Bayume Mohamed Husen (1904–1944): Mwalimu wa Kiswahili katika Filamu za Kijerumani na Nchi ya Morogoro Iliyoigizwa Ulaya

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kuelekea bara huiona milima ya Uluguru kabla hajaingia Morogoro mjini. Mashariki ya mji huo ndiko ilikokuwa Ukami ya zamani; magharibi, ng'ambo ya tambarare ya Mkata, ndiko Usagara; na kaskazini kuna milima ya Nguru. Nchi hizo tatu, pamoja na Uzigua, ndizo alizozipitia Carl Peters na wenzake katika miezi ya Novemba na Desemba mwaka 1884, wakiwatilisha watawala wa mahali alama katika karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa msingi wa karatasi hizo, na huo ukawa mwanzo wa utawala wa Kijerumani katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika.

Mwaka 1941 safari hiyo ilionyeshwa upya katika majumba ya sinema ya Ujerumani. Filamu ilichukua jina la Carl Peters mwenyewe, na kwa kuwa vita ilikuwa imezifunga njia za bahari, Afrika yake yote ilijengwa Ulaya. Katika picha nyingi za filamu hiyo anaonekana mtu mmoja mweusi karibu na mhusika mkuu. Anaitwa Ramasan, naye ni kiongozi mwenyeji wa msafara. Aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam, askari mtoto wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Jina lake ni Bayume Mohamed Husen. Kabla mwaka huohuo haujaisha alikuwa mikononi mwa polisi wa siri, na miaka mitatu baadaye alifia kambini.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha yake kwa kufuata mfuatano wa miaka, kisha kulichunguza swali ambalo maisha hayo yanalileta mbele ya wanataaluma wa Kiswahili. Sura na sauti ya Husen zimehifadhiwa kwa sababu dola iliyomuua ilizithamini filamu zake za kueneza siasa. Je, filamu hizo zihifadhiwe? Na zikihifadhiwa, zitazamweje, na nani? Hoja yetu ni kwamba kuzihifadhi ni lazima, lakini uhifadhi haukamiliki mpaka mtu aliyesimama pembeni ya picha atajwe jina lake, na filamu itazamwe pia na watu wa nchi ambayo inadai kuionyesha.

2.0 Utoto na vita

Husen alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la kikoloni la Wajerumani, naye alipanda hadi cheo cha efendi, ambacho kilikuwa miongoni mwa vyeo vya juu kabisa alivyoweza kupewa Mwafrika katika jeshi hilo. Mtoto alikulia katika mazingira ya askari, akajifunza Kijerumani mapema. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni, na reli iliyoanzia bandarini ilifika Morogoro mwaka 1907.

Vita ilipozuka mwaka 1914, Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi tu. Aliingia jeshini pamoja na baba yake, akawa mwanafunzi wa kupeleka ishara za kijeshi. Hatuna budi kulitazama jambo hili kwa uzito wake: alikuwa mtoto, na vita haikuwa yake. Aidha, ilikuwa vita iliyowaangamiza raia na wapagazi kuliko ilivyowaangamiza askari. Morogoro yenyewe iliona sehemu kubwa ya msiba huo. Serikali ya kikoloni ilihamishia makao yake mjini hapo mwaka 1914 kabla ya kuyapeleka Tabora. Mwezi wa Agosti mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kwa kuizunguka na kuikata milima ya Uluguru kuelekea Kisaki na bonde la Rufiji. Vijiji vya njiani vilipoteza chakula, mifugo na vijana waliochukuliwa kubeba mizigo.

Husen alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini karibu na Lindi, mwezi wa Oktoba mwaka 1917. Mapigano hayo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita nzima ya Afrika Mashariki. Waingereza walimteka akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Vita ilipokwisha, nchi yake ilikuwa imepata mtawala mwingine, na lugha ya kigeni aliyojifunza haikuwa tena lugha ya serikali. Kijana huyo aliyaelekeza macho yake baharini, akafanya kazi ya utumishi katika meli zilizopita pwani ya Afrika Mashariki.

3.0 Berlin: madai, meza na darasa

Mwaka 1929 Husen alifika Berlin. Alikwenda na dai mahususi, yaani mshahara wa kijeshi ambao yeye na baba yake hawakulipwa tangu wakati wa vita. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Ujerumani ililikataa dai hilo kwa maelezo kwamba lilikuwa limechelewa. Tukio hili ni ufunguo wa maisha yake yote yaliyofuata. Tangu siku hiyo hadi alipokamatwa, Husen aliendelea kuidai Ujerumani haki yake kwa kutumia maneno ambayo Ujerumani yenyewe ilipenda kuyasikia, yaani uaminifu, utumishi na vita.

Alibaki Berlin akifanya kazi ya kuhudumia wageni mezani katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katika uwanja wa Potsdamer Platz, ambalo kumbi zake zilipambwa kwa kuigiza nchi mbalimbali za dunia. Wakati huohuo alipata kazi ya pili, nayo ndiyo inayomfanya astahili nafasi katika historia ya taaluma yetu. Alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, ambako aliyeongoza masomo ya lugha za Kiafrika alikuwa Profesa Diedrich Westermann.

Kiswahili kilikuwa kimefundishwa Berlin tangu mwaka 1887, ilipoanzishwa Seminari ya Lugha za Mashariki. Tangu mwanzo mfumo wake ulikuwa mmoja: profesa Mjerumani alitunga sarufi na kutia saini, na mzawa wa pwani alitoa matamshi, mifano na maana. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye wasomaji wengi wanamfahamu kwa maandishi yake juu ya desturi za Waswahili, alipitia njia hiyohiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Alioa mwanamke Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata alipotaka kurudi naye nyumbani, wakuu wa koloni walimzuia, ikambidi arejee Ujerumani, ambako alifariki mwaka 1927. Husen alifika Berlin miaka miwili tu baada ya kifo hicho. Alikuta nafasi ileile ya mwalimu asiyeitwa mwalimu, yenye malipo madogo na isiyo na heshima ya kitaaluma. Wanafunzi wake walikuwa pamoja na maofisa waliotayarishwa kwa ajili ya makoloni ambayo Ujerumani ilitumaini kuyarudisha.

Tarehe 27 Januari 1933 Husen alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler akawa mkuu wa serikali. Ndoa hiyo ilipata watoto, lakini tangu mwanzo iliishi chini ya kivuli. Mtu wa koloni la zamani hakuhesabiwa kuwa raia kamili, na sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilizitia mbari za watu katika daraja na kuharamisha mahusiano baina yao. Mwaka huohuo wa 1935 Husen alipoteza kazi yake katika Haus Vaterland baada ya kusemwa na wafanyakazi wenzake.

4.0 Mbele ya kamera

Kazi ya filamu ilianza mwaka 1934. Mwongozaji Herbert Selpin alikuwa akitengeneza filamu iitwayo Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani wapanda farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, inayohusu walowezi wakati wa vita ya 1914. Husen alipewa nafasi ya Mustapha, mwanafunzi wa kupeleka ishara. Kwa maneno mengine, mtu mzima wa miaka thelathini alilipwa kuigiza utoto wake mwenyewe, katika hadithi ambayo utoto huo ulikuwa pambo tu la ushujaa wa watu wengine. Filamu hiyo ilipigwa marufuku mara mbili: kwanza na serikali ya Hitler baada ya vita mpya kuanza mwaka 1939, kwa kuwa haikuwachukia Waingereza vya kutosha, na baadaye na mataifa yaliyoishinda Ujerumani, kwa kuwa ilitukuza vita na ukoloni.

Kati ya mwaka 1934 na 1941 Husen alionekana katika filamu zisizopungua 23. Katika nyingi alikuwa mwigizaji wa kujaza picha: mtumishi, mpagazi, mlinzi wa mlango, mwanamuziki. Mara chache alipewa maneno machache ya kusema. Alisimama nyuma ya waigizaji waliokuwa mashuhuri kuliko wote nchini humo, kama vile Zarah Leander na Hans Albers. Mojawapo ya filamu hizo ni Zu neuen Ufern ya mwaka 1937, iliyoongozwa na Detlef Sierck. Mwongozaji huyo aliikimbia Ujerumani mwaka huohuo, akajulikana huko Marekani kwa jina la Douglas Sirk. Leo kazi zake zinahesabiwa miongoni mwa filamu bora za karne iliyopita, zinasafishwa na kuonyeshwa tena katika majumba ya filamu za kisanaa. Wanaozitazama humtambua Sierck na Zarah Leander. Ni wachache wanaomtambua mtu aliyesimama nyuma.

Nje ya studio pia Husen aliigiza. Alishiriki katika mikutano ya vyama vilivyodai makoloni yarudishwe, akiwa amevaa sare ya askari na kushika bendera. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa.

Msomaji wa leo anaweza kuuliza kama huyu hakuwa kibaraka. Swali ni halali, wala halifutwi na mateso yaliyomfika baadaye. Hata hivyo, tukiupanga ushahidi wa maisha yake, tunaona mtindo mmoja unaojirudia: kila alipojionyesha kuwa mwaminifu, mara hiyohiyo alidai kitu. Alidai mshahara, alidai nishani, alidai kazi na heshima. Sare aliyoivaa ilikuwa hoja yake ya pekee katika mji ambao hoja nyingine yoyote kutoka kinywani mwa mtu mweusi isingesikilizwa. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba dola hiyo ingeona haya ikikumbushwa deni lake.

5.0 Filamu ya Carl Peters na nchi iliyoigizwa

Nafasi yake kubwa kuliko zote ilikuja katika filamu ya Carl Peters, ambayo pia iliongozwa na Herbert Selpin, na mhusika mkuu akiwa Hans Albers. Kusudi la filamu lilikuwa la kisiasa waziwazi. Peters wa historia alifukuzwa utumishi mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili wake, ukiwamo wa kuwanyonga mtumishi na mwanamke Mwafrika waliokuwa katika kituo chake huko Kilimanjaro. Serikali ya Hitler ilimsafisha mwaka 1937, na filamu ikaja kuukamilisha usafishaji huo. Humo Peters ni shujaa anayeonewa wivu, Waingereza ni wenye hila, na wabunge waliomshtaki wanaonyeshwa kuwa wasaliti, kwa chuki ya wazi dhidi ya Wayahudi.

Kwa mtazamaji wa Morogoro, uongo mkubwa zaidi umo katika ardhi. Filamu inaichukulia nchi kuwa kitu ambacho mtu mmoja anaweza kumpa mwingine kwa alama ya kalamu. Miongoni mwa Waluguru ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo ulihesabiwa upande wa mama; aliyeusimamia hakuwa mwenye kuuza. Tena, jirani kabisa na milima hiyo palikuwa na ngome ya Kisabengo, na baada yake alitawala binti yake, Simbamwene, ambaye jina lake liliandikwa na wasafiri wa Ulaya miaka mingi kabla ya Peters kufika. Nchi hiyo yenye koo, watawala wanawake, njia za misafara na wakalimani imegeuzwa katika filamu kuwa uwanja mtupu unaomngojea mgeni.

Waliojaza uwanja huo pia wana historia yao. Kwa kuwa watu weusi waliokuwa wakiishi Ujerumani hawakutosha, watengenezaji wa filamu waliwatumia wafungwa wa kivita Waafrika waliotekwa kutoka jeshi la Ufaransa mwaka 1940. Kwa hiyo, katika picha zinazodai kuonyesha wakazi wa Afrika Mashariki, tunaona watu waliozaliwa katika makoloni ya Ufaransa, wakiwa chini ya ulinzi, wakiamriwa kuwashangilia waliowateka. Kati yao anatembea Husen, mtu wa pwani yetu, akiongoza msafara wa uongo katika bara la mbao na turubai.

6.0 Kukamatwa na kifo

Katika kipindi cha utengenezaji wa filamu hiyo Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alichongewa, na mwaka 1941 polisi wa siri walimkamata kwa tuhuma za kuchafua damu ya Kijerumani. Wakati huo alikuwa pia amekwisha kuacha kazi ya chuo kikuu baada ya kutofautiana na wakubwa wake. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa huko kwa zaidi ya miaka mitatu. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Mwongozaji Selpin hakuishi kumzidi. Mwaka 1942, alipokuwa akitengeneza filamu nyingine, alilikashifu jeshi mbele ya mwenzake, akakamatwa, na tarehe 1 Agosti alikutwa amekufa ndani ya chumba cha gereza. Hivyo basi, aliyeitengeneza filamu ya kuitukuza dola na aliyeshika nafasi kubwa ya Mwafrika ndani yake waliuawa, au walifia, mikononi mwa dola hiyohiyo. Filamu ilibaki.

7.0 Kilichohifadhiwa na kilichopotea

Inafaa sasa kuuliza kwa nini ilibaki. Filamu za miaka hiyo zilichapwa juu ya utepe wa naitreti, ambao hushika moto kwa urahisi na huoza wenyewe ukiachwa katika joto na unyevu. Utepe huo ulitumika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kuuokoa kunahitaji vyumba vya baridi, wataalamu wa kuunakili, na siku hizi mitambo ya kuugeuza kuwa data za kompyuta. Filamu inayodumu, kwa hiyo, ni ile ambayo mtu mwenye uwezo ameamua idumu. Ujerumani ilianzisha hifadhi ya filamu ya taifa katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1938 hifadhi hiyo ilikuwa miongoni mwa waasisi wanne wa Shirikisho la Kimataifa la Hifadhi za Filamu, pamoja na zile za Paris, London na New York.

Tulinganishe na hali ya kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio wa filamu za elimu ulitengeneza filamu 35 hivi kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki, na maelezo yake yalirekodiwa katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mtazamo wake ulikuwa wa kikoloni, lakini waigizaji, mashamba na nyumba zilikuwa za kweli. Karibu zote zimepotea. Matokeo yake ni haya: Tanganyika iliyopigwa picha Tanganyika imetoweka, na Tanganyika iliyojengwa Ulaya ipo.

Baada ya vita, sehemu kubwa ya filamu za zamani za Kijerumani ilikabidhiwa kwa wakfu wa Friedrich Wilhelm Murnau, ulioanzishwa mwaka 1966. Wakfu huo umeziweka filamu kama arobaini, Carl Peters ikiwa mojawapo, katika kundi la filamu za masharti, ambazo haziruhusiwi kuonyeshwa hadharani ila mbele yake pawe na maelezo ya mtaalamu na baada yake pawe na mjadala. Kwa upande mwingine, mtandao wa intaneti umefungua milango ambayo kizazi kilichotutangulia hakikuiota. Lango la filamu la Ulaya, European Film Gateway, lilifunguliwa mwaka 2011 na kuunganisha orodha za hifadhi nyingi, na filamu nyingi za Vita Kuu ya Kwanza zimewekwa humo. Orodha ya filamu za makoloni ya Uingereza iliwekwa mtandaoni mwaka 2010. Mwanafunzi aliyekaa Mzumbe au katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru, anaweza leo kuitafuta picha ya nchi yake bila kupanda ndege.

Atakuta nini? Kwanza, atakuta jina la mwongozaji, la kampuni na la nyota wa filamu. Waigizaji wa kujaza picha hawamo, kwa sababu hawakuandikwa tangu mwanzo, na orodha ya kompyuta hurithi upofu wa orodha ya karatasi. Pili, atakuta maelezo ya Kijerumani au Kiingereza yasiyotofautisha Ukami na Usagara, wala Mluguru na Msenegali. Tatu, pale ambapo neno la Kiswahili linasikika, hatakuta tafsiri yake.

Kwamba upofu huo unatibika kumekwisha kuthibitishwa na kazi mbili. Mwaka 2007 mtaalamu wa lugha na tamaduni za Kiafrika, Marianne Bechhaus-Gerst, alichapisha kitabu cha maisha ya Husen kilichotokana na utafiti katika nyaraka za serikali. Mwaka huohuo jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake liliwekwa njiani mbele ya nyumba aliyoishi, katika mtaa wa Brunnenstraße. Kisha mwaka 2013 Eva Knopf alitengeneza filamu ya Majubs Reise, yaani safari ya Mahjub. Mbinu yake ni rahisi na ya maana sana. Alizichukua filamu za zamani zilizohifadhiwa, akaacha kumtazama nyota aliyesimama katikati, akamfuata mtu wa pembeni kutoka filamu moja hadi nyingine, mpaka wale watumishi na wapagazi wote wakawa mtu mmoja mwenye maisha. Bila hifadhi, kazi hiyo isingewezekana. Wangesema walioona aibu kwamba filamu hizo zichomwe, na wangelichoma pamoja nazo ushahidi wa Husen.

8.0 Hitimisho

Katika makala haya tumeyafuata maisha ya Bayume Mohamed Husen kutoka Dar es Salaam hadi Sachsenhausen, na tumeona kwamba filamu zilizomdunisha ndizo pia zilizomweka hai machoni petu. Kutokana na hali hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, sharti la kuitanguliza filamu kwa maelezo na kuifuatisha kwa mjadala, ambalo Wajerumani wamejiwekea kwa ajili ya watazamaji wao, litimizwe pia kwetu na kwa lugha yetu. Filamu ya Carl Peters ikionyeshwa darasani Morogoro, utangulizi wake uwe juu ya Simbamwene, juu ya ardhi ya ukoo na juu ya karatasi za 1884. Pili, idara za Kiswahili zichukue jukumu la kuyasikiliza na kuyaandika maneno ya Kiswahili yaliyomo katika filamu za kikoloni, na kuzipelekea hifadhi husika majina sahihi ya watu na mahali. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wanaoijua lugha, na hao tunao. Tatu, historia ya ufundishaji wa Kiswahili ughaibuni iwatambue wasaidizi wa Berlin kuwa walimu, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa.

Husen alikwenda Berlin kudai mshahara wa kazi iliyokwisha kufanywa, akaambiwa amechelewa. Deni hilo haliwezi kulipwa na idara ya lugha. Lakini deni la kumtambua anapopita katika picha, na kumwita kwa jina lake, liko ndani ya uwezo wetu, na kwa deni hilo hatujachelewa.